Jicho la Mashine Lisilo na Intaneti: Amana Iko kwa Nani?

Ndugu zetu wengi siku hizi watuuliza suala moja kwa sura mbalimbali. Mwenye duka ataka kutundika mlangoni kamera itakayomjua mtu kwa uso wake. Mwenye nyumba ya kupangisha ataka kujua ni nani aingiaye na ni nani atokaye usiku. Walimu wa chuo wataka mashine iwaambie ni mtoto gani aliyefika na yupi hakufika, bila ya kuita majina. Wakiambiwa kuwa jambo hili lina khatari ndani yake, hutoa hoja moja: "Mashine yetu haina intaneti. Hakuna picha itokayo nje ya nyumba. Basi ni nani atakayedhurika?" Hoja hii haifai kupuuzwa, kwani nusu yake ni kweli. Nusu ya pili ndiyo iliyotushikisha kalamu, kwa sababu twaona watu wema wakiiamini bila ya kuichungua.

Yafaa kwanza tukijue kitu chenyewe, maana kukihukumu kitu usichokijua ni dhulma. Kamera ya zamani ilikuwa ikihifadhi picha tu, na mwenye kuona alikuwa mtu. Mashine tunayoizungumza huitazama picha yenyewe na kusema kilichomo: huyu ni mtu, hii ni gari, jani hili lina ugonjwa, uso huu ni wa fulani. Ujuzi huo haikuzaliwa nao. Hufunzwa kwa kuonyeshwa maelfu ya picha ambazo watu wamekwisha kuziandikia majina, na kila inapokosea hesabu zake hurekebishwa kidogo, mpaka makosa yakapungua. Mwisho wa mafunzo hubaki rundo la namba, nalo huitwa modeli.

Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, walitoa modeli iliyowashangaza watu kwa uhodari wake wa kutambua vitu katika picha. Ilikuwa na namba kiasi cha milioni 60. Mwaka 2017 kampuni ya Google ilitoa modeli iitwayo MobileNet, iliyoundwa kwa ajili ya simu, na ile kubwa katika jamii yake ilikuwa na namba milioni 4 na kidogo. Kila namba ikiandikwa kwa biti 8 badala ya 32, modeli nzima huenea katika megabaiti 4 hivi, nafasi ichukuliwayo na waadhi wa dakika chache uliorekodiwa kwenye simu. Ndiyo sababu kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kadi, mfano wa Raspberry Pi iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35, yaweza leo kutambua vitu kwa umeme mchache bila ya kumwuliza mtu aliye mbali.

Basi pana njia mbili. Katika njia ya kwanza, kamera hupeleka picha kwenye kompyuta kubwa za kampuni fulani ng'ambo, huko zikatazamwa, na jibu likarudi. Katika njia ya pili, modeli huwekwa ndani ya kifaa chenyewe, ikatazama papo hapo na kujibu papo hapo. Udhaifu wa njia ya kwanza sisi watu wa pwani twaujua. Waya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na faida zake haziwezi kukanwa. Lakini tarehe 12 Mei 2024, waya za EASSy na SEACOM zilipopata khitilafu upande wa Afrika Kusini, intaneti ilizorota Kenya na Tanzania. Mlinzi ambaye akili yake iko ng'ambo ya bahari hawi mlinzi siku waya ukikatika.

Na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kuwa picha iliyosafiri huonwa na macho usiyoyajua. Mwezi Machi 2021 wadukuzi waliingia katika mitambo ya kampuni ya Verkada ya Marekani, wakaweza kutazama kamera kiasi cha 150,000, zikiwamo za hospitali, shule na jela. Mwezi Mei 2023 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara iliishitaki kampuni ya Ring, ikieleza kuwa mfanyakazi wake mmoja, katika mwaka 2017, alitazama maelfu ya video za wanawake zilizopigwa mahali pao pa faragha, hata vyumba vya kulala. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Wanawake wale walizinunua kamera kwa pesa zao ili ziwalinde. Ndugu asemaye kuwa picha zake hazitoki nyumbani amejikinga na shari hii, nasi twampa haki yake katika hilo.

Wala asidhani mtu kuwa sisi twaichukia elimu hii. Tazama faida iliyoletwa karibu nasi kwa njia hiyohiyo ya pili. Muhogo ni chakula cha pwani yote, na una maradhi mawili makubwa: batobato, na ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao huozesha mizizi chini ya udongo hali mkulima hajui mpaka siku ya kuvuna. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, pamoja na taasisi ya kilimo ya IITA, walichukua picha 2,756 za majani ya muhogo katika mashamba ya majaribio nje ya mji wa Bagamoyo, wakaifunza modeli kuyatambua maradhi na wadudu, na mwaka 2017 wakachapisha matokeo yao. Kazi hiyo ikazaa programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Mkulima huielekeza simu yake kwenye jani, nayo humpa jibu hapohapo shambani, hata pasipokuwa na intaneti. Mtu akisema kuwa chombo kama hiki ni bidaa mbaya ya kukimbiwa, amewadhulumu wakulima.

Lakini tuangalie tofauti. Jani la muhogo halina siri, wala halina heshima itakayovunjika likitazamwa. Mtu anazo. Hukumu ya jicho hufuata kile kinachotazamwa na kile kitakachofanywa baada ya kutazamwa. Kuwapo au kutokuwapo kwa intaneti hakuigeuzi hukumu hiyo katika asili yake. Hapa ndipo hoja ya ndugu zetu inapoingia ila. Wao wamehesabu mwizi mmoja tu, yule wa mbali, wakamsahau aliye karibu. Nao wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Upo mfano wa kweli wa jambo hili. Katika mbuga ya Corbett, huko India, ziliwekwa kamera msituni kwa ajili ya chui milia na wanyama wengine. Kamera za namna hii aghalabu hupiga picha zenyewe kitu kinapopita, na kuzihifadhi katika kadi iliyo ndani yake, bila ya kuhitaji mtandao. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikaa na watu wa vijiji vya kando ya msitu huo kwa miezi 14, akazungumza na watu 270, na mwaka 2024 akachapisha aliyoyakuta. Mwanamke mmoja alikuwa amepigwa picha akiwa katika haja yake msituni. Picha ile ikasambazwa katika simu za watu wa hapohapo, na waliofanya hivyo walikuwa vibarua wa msitu huo, watu wa nchi yake. Jamaa zake walizivunja kamera kwa hasira. Wanawake waliokuwa wakienda kuokota kuni kwa pamoja wakiimba, ili wanyama wakali wasikie na kujitenga, wakawa wanaona haya kuimba mbele ya kamera. Hakuna mdukuzi wa ng'ambo aliyehusika. Kadi ilitolewa kwa mkono, na fedheha ikapita mikononi mwa majirani.

Sasa turudi mijini kwetu. Katika Mji wa Kale wa Mombasa na katika Lamu, vichochoro ni vyembamba, na nyumba zimekabiliana hata watu wawili wakikutana sharti wapishane ubavu. Waliojenga nyumba zile hawakulisahau jicho. Waliweka daka, na baada ya mlango wakaipinda njia, ili mpita njia asione ukumbi wa ndani hata mlango ukiwa wazi. Waliweka baraza nje ili mgeni apate heshima yake bila ya kuivunja heshima ya waliomo ndani. Na hodi tunayoipiga milangoni, wanavyuoni wetu wametueleza kuwa imewekwa kwa sababu ya jicho kabla ya kuwa kwa sababu ya mguu, na kupeleleza aibu za watu kumekatazwa kwa uwazi katika sheria yetu. Basi kamera inayotundikwa juu ya mlango katika kichochoro cha namna hii huangalia wapi? Huangalia mlango wa jirani. Hujua saa anayotoka mke wa jirani, na mgeni aliyemtembelea, na siku ambazo mumewe hayupo. Jicho la mtu huchoka na kusahau. Jicho hili halichoki, na lisilosahau huwa daftari la maisha ya watu wasioulizwa.

Mwenye kamera atasema, "Mimi si mbaya, sitazami mambo hayo." Huenda ni kweli. Lakini je, kijana wake anayejua namba ya siri? Fundi aliyeifunga? Mnunuzi wa kifaa hicho baada ya miaka mitatu, kikiwa na kadi yake ndani? Mtu huchukua amana kwa nafsi yake na kwa kila mkono atakaouruhusu kuigusa.

Liko na jambo la pili, nalo ni kukosea. Ibnul Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo kiasi cha mwaka 1040, alieleza katika Kitabul Manadhir kuwa kuona si kazi ya jicho peke yake. Nuru huingia jichoni, kisha akili hulinganisha na kupima, mara nyingi kwa haraka hata mtu asitambue kuwa amehukumu. Kwa hivyo jicho zima laweza kuwa na hukumu mbovu. Mashine nayo ni hivyo hivyo, tena zaidi, kwani haijui ila ilichoonyeshwa. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu za kampuni kubwa zinazotambua kama uso ni wa mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe, kosa halikufika hata moja katika mia. Kwa wanawake weusi, programu moja ilikosea karibu mara 35 katika kila mia. Hata Nuru, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, modeli yake ilipojaribiwa shambani Tanzania kwa vijani 720 vya mihogo vyenye maradhi, uhodari wake ulipungua kuliko ulivyokuwa katika picha zilizofanana na zile za mafunzo.

Jani likihukumiwa kwa makosa, mkulima hupoteza shina. Mtu akihukumiwa kwa makosa, hupoteza jina lake. Mwenye duka akiambiwa na mashine kuwa huyu aliyeingia ndiye mwizi wa juzi, naye akamfukuza mbele ya watu, ni nani atakayemrudishia uso wake? Na ilivyo mashine hiyo iko ndani ya duka, bila ya kampuni wala ofisi ya kulalamikia, mdhulumiwa hana pa kwenda ila kwa yuleyule aliyemdhulumu.

Je, serikali haikutunga sheria? Imetunga. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya faragha, na mwaka 2019 ikapitishwa Sheria ya Kulinda Data, iliyoleta ofisi ya kamishna wa mambo hayo. Wenye maduka na vyuo na waifahamu sheria hiyo, kwani yawahusu. Lakini sheria hiyohiyo imeyaacha kando mambo ambayo mtu huyafanya kwa haja zake mwenyewe na za nyumba yake tu. Hatuilaumu kwa hilo, kwani askari hawezi kukaa katika kila ukumbi. Twasema tu kuwa pale sheria ya nchi inaponyamaza, dhamiri ya mwenye nyumba hubaki peke yake, na hapo ndipo mtu hujulikana.

Tena mtu asighurike kwa kuwa kifaa ki mkononi mwake, akadhani kuwa ni chake kwa kila hali. Mwezi Agosti 2021 kampuni ya Apple ilitangaza mpango wa kuzikagua picha ndani ya simu za watu, kabla ya kupelekwa kwenye hifadhi yake, ili kutafuta picha za watoto waliodhulumiwa. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, na ulinganishaji ungefanyika ndani ya simu yenyewe. Wataalamu wengi walipinga, wakisema kuwa jicho lililowekwa ndani ya simu kwa jambo moja laweza kesho kuamrishwa kutafuta lingine. Kampuni ikausimamisha mpango huo, na mwezi Disemba 2022 ikauacha kabisa. Somo tulipatalo ni kuwa mahali kilipo kifaa ni jambo moja, na anayekiamrisha ni jambo jingine. Mwenye kusema "haina intaneti" na ajiulize: haina kwa sababu haiwezi, au haina kwa sababu leo sikuiunganisha?

Tukifika hapa, pana ndugu atakayetukabili kwa hoja nzito. Atasema: "Nyinyi mwazungumza heshima, nasi twaibiwa. Duka langu limevunjwa. Binti yangu husumbuliwa kichochoroni na vijana. Kamera ndiyo shahidi wangu wa pekee." Hatuna haki ya kumpuuza mtu huyu. Kulinda mali na nafsi ni wajibu, na jicho linalomhifadhi binti njiani ni jicho la kheri. Hatumwambii alizime. Twamwambia alifunge hatamu, kwani mbwa wa ulinzi naye ni halali kufugwa, lakini akimuuma mpita njia mwenye mbwa ndiye huulizwa.

Na hatamu zenyewe, kwa jinsi tulivyozipima katika darasa letu, ni hizi. Kwanza, jicho liangalie mpaka wako tu. Likibidi kugusa njia ya watu, upande wa mlango na dirisha la jirani uzibwe, jambo ambalo kamera nyingi huweza kulifanya kwa kufunika sehemu ya picha. Pili, mashine isibakishe ila inachohitaji. Hapa ndipo ulipo uzuri mkubwa wa mashine ya papo hapo: yaweza kuhesabu watu walioingia, ikaandika namba, na picha zikafutwa palepale. Chuo kinachotaka kujua kama darasa limejaa hakihitaji nyuso za watoto. Tatu, watu waambiwe kwa maandishi yanayosomeka kuwa wanatazamwa, na kwa nini, na ni nani wa kumwuliza. Hiyo ndiyo hodi ya kamera. Nne, mtu asihukumiwe kwa neno la mashine. Neno lake ni dhana, na dhana hutakiwa ithibitishwe na mtu mwenye kuona haya na mwenye kuulizwa. Tano, ijulikane ni nani mwenye funguo, na kifaa kisiuzwe wala kisitupwe kabla ya kufutwa kilichomo.

Twaongeza neno kwa vijana wetu waliosoma. Modeli hizi zimefunzwa kwa nyuso, mitaa na nguo za watu wengine, ndipo zikakosea kwetu. Nuru ilipata ilichokipata kwa sababu kuna watu walioingia katika mashamba ya Bagamoyo wakapiga picha za muhogo wa Bagamoyo. Elimu hii haikufungwa. Kompyuta yake ni rahisi, na programu zake nyingi hutolewa bure. Kijana wa Malindi au wa Lamu aweza kuifunza mashine kutambua samaki wanaoshushwa pwani, au jani la mnazi linaloanza kuugua, bila ya kumtazama mtu yeyote. Tukiwa wanunuzi tu wa macho ya wengine, tutatazama kama wao wanavyotaka tutazame.

Basi jawabu letu kwa walioulizia ni hili. Mashine isiyo na intaneti ni bora kuliko ile ipelekayo picha mbali, na mwenye kuchagua baina ya mbili na aichague hiyo. Lakini ubora wake ni kwamba imemtoa mgeni asiyejulikana, ikamweka mahali pake mtu mwenye jina, ambaye jirani aweza kumwendea na kumwambia, "Umenidhulumu." Kabla hujaiwasha, mwendee jirani wa mbele, umwonyeshe kile ambacho kamera yako inakiona, na umwulize kama ameridhika. Ukiona uzito kumwonyesha, umekwisha kujua hukumu yake.